Fimbo Ifunge kwenye Kayaki, Usiifunge Kiunoni

Paska mwanangu,

Habari za nyumbani sikupi, umezifagia mwenyewe asubuhi kabla hujaondoka kwenda Kansay kumuaga bibi yako. Kuku ni wale wale, mama yako ni yule yule, na mimi nimekaa kwenye kile kiti kibovu ulichosema nikitupe. Simu iko mezani mbele yangu na sitaki iite.

Mambo ya kupanga begi, kula vizuri, kusali na kutowajibu wapiga debe wa stendi atakwambia mama yako, na atayarudia mpaka basi liondoke. Mimi nina jambo moja la kazi yako na jingine la kwangu mwenyewe. Nianze na hilo la kwangu, maana ndilo lisilosubiri.

Mchana, nikiwa chini ya gari pale gereji, simu iliita. Namba ngeni. Kumbe ni meneja wako mpya wa Kigoma, kijana mwenye adabu zake. Akasema amekutafuta hupatikani, nikamwambia Kansay mtandao unategemea umesimama juu ya jiwe lipi. Akacheka. Kisha akasema, "Mzee, nina swali dogo tu. Paskalina ameniambia anajua kuogelea. Sasa hapa kwetu kila anayeomba kazi anasema anajua, ukimtia majini anakumbatia ngazi. Wageni wangu wanavua samaki kwenye kayaki, mbali na ufuko, na yeye ndiye atakayekuwa nao. Nimeona nimuulize mzazi. Anajua kweli?"

Nikajivuta kutoka chini ya gari. Akaongeza kwa upole, "Kama hajui niambie tu, hakuna ubaya. Nafasi nitampa mwingine, na sitamwambia kwamba ni wewe uliyesema."

Umesikia hiyo, mama? Neno moja tu, nawe hutajua limetoka wapi. Nikamwambia, "Ngoja nimuulize mama yake." Mtu mzima mimi, na mvi zangu! Akasema sawa, atapiga tena jioni, lazima ajue leo kabla hujapanda basi.

Nilipofika nyumbani nikamweleza mama yako. Alikuwa anachambua maharage, wala hakuinua kichwa. "Amekuuliza wewe," akasema. "Shauri lako." Ndio msaada niliopata katika nyumba hii.

Basi niko hapa. Nikisema hujui, kesho huendi popote. Utafungua begi, utalia, utaninunia, halafu utatafuta kazi ya mapokezi kwenye loji mojawapo hapa Karatu, na mimi nitakuwa nakusikia ukikohoa chumba cha pili na nitalala usingizi wangu vizuri. Nikisema unajua, unaondoka, na likikupata la kukupata huko Tanganyika, ulimi wangu ndio uliokupeleka. Nimeligeuza hivi, nimeligeuza vile, sioni pa kutokea. Nimetoka nje, nimefika getini, nimerudi. Nimetoka tena. Jirani akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia natafuta spana.

Sasa nisikilize habari ya kazi. Hadithi ya mimi kule ziwani unaijua jinsi Karatu nzima inavyoijua, kwamba baba yake Paska alitolewa Ziwa Eyasi bila suruali. Umeisikia shuleni, umeisikia kwenye sherehe, mjomba wako akilewa haipiti bila kuitaja. Wanacheka suruali. Hakuna aliyeniuliza ilifikaje huko.

Ulikuwa hujaanza shule. Mvua zilikuwa zimezidi, na ziwa likapanda likameza migunga yote ya ufukweni. Ukitazama kwa juu unaona maji tu, chini kuna miti mizima imesimama na miiba yake. Mwenye kambi moja kule chini akanunua kayaki, akasema wageni watavua kambale. Akatupanga mstari sisi tuliotafuta kazi, akauliza nani anajua kuogelea. Wote tukanyoosha mikono. Hata mimi, mtoto wa Kansay, ambaye maji mengi niliyowahi kuingia yalinifika magotini nikinywesha ng'ombe. Mkono ulipanda wenyewe, Paska. Ukiwa kwenye mstari na wenzako wote wamenyoosha, wa kwako unaubakiza chini kwa nguvu gani?

Siku za mwanzo nikapoteza fimbo ya kuvulia ya mgeni. Nilikuwa nimeiegemeza tu pembeni ya kayaki, kambale akavuta, chubwi, imekwenda. Mgeni akacheka mpaka machozi. Mimi sikucheka. Kwetu mtoto akirudi jioni na ndama mmoja pungufu hapati kicheko. Babu yako hakuwahi kunichapa kwa hilo. Alikuwa anachukua fimbo yake na kutoka kwenda kutafuta mwenyewe, bila kunisemesha, na mimi nabaki na uji wangu haupiti. Afadhali angenichapa. Kwa hiyo mtu akinikabidhi kitu chake, mimi hakinitoki mkononi, na ile fimbo ilinitoka.

Pale kambini kulikuwa na kamba maalumu za kazi hiyo, zile zilizojikunja kama waya wa simu za zamani za ofisini. Upande mmoja unabana mpini wa fimbo, upande wa pili unaingia kwenye pete ya kayaki. Fimbo ikianguka, unaivuta inarudi. Kitu kizuri kabisa. Lakini zilikuwa mbili na fimbo tatu, na ile ya tatu ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote. Nikaenda nyumbani nikachukua ukanda wa ngozi wa kufungia ndama. Nikaufunga kwenye mpini kwa fundo letu lile la ndama, ambalo mnyama akizidi kuvuta nalo linazidi kubana. Upande wa pili nikaufunga kwenye mkanda wa suruali yangu, kiunoni. Hivyo ndivyo tulivyofanya machungani tukitaka mikono iwe huru tucheze. Nikajiona mjanja! Wenzangu wanahangaika na mikamba ya Kizungu, mimi nimetia fimbo kiunoni, haipotei hata ziwa likauke.

Sasa siku hiyo nilikuwa na bibi mmoja Mzungu, umri wa bibi yako, mjane, mwembamba, mwenye Kiswahili chake cha kujifunza kwenye kitabu. Mchana upepo unashuka kutoka kwenye ukuta wa bonde na unashuka kwa hasira. Ndoano yangu ikanasa chini kwenye migunga. Nikavuta. Uzi ule ni wa kusuka, haukatiki ng'o. Ningeuachia ungejinasua tu, lakini mimi nikavuta, maana fimbo si yangu. Kayaki ikageuka ubavu, wimbi likaipiga, tukapinduka wote wawili.

Paska, nakuandikia hili polepole ulione. Fimbo ilizama ikajibana katikati ya matawi. Mimi nimefungwa kwenye fimbo. Jaketi la kuokolea linanivuta juu, ukanda wa ndama unanivuta chini, na kati ya hivyo viwili nimebaki kidevu kikiwa sawasawa na maji. Wimbi likija linapita juu ya pua. Likienda napumua. Likija tena, nakunywa maji ya magadi. Nikashika fundo, nalo kwa kulowa limekuwa telezi na gumu, vidole havipati pa kuingia. Nikapeleka mkono kwenye kisu. Tangu utoto sijatoka nyumbani bila kisu kiunoni, na siku hiyo hakipo, kwa sababu mwenye kambi alikataza, eti wageni wanaogopa. Mkono ulifika pale ukakuta patupu. Sijawahi kuona upweke wa namna ile.

Yule bibi alikuwa ameshika kayaki iliyopinduka kwa mkono mmoja. Akasogea karibu yangu, akatazama chini ya maji, akaelewa kabla yangu. "Mkanda!" akasema. "Fungua mkanda!"

Bizimu la mkanda, kile chuma chake cha kufungia, mwanangu, lilikuwa mbele ya tumbo langu. Ni kuvuta tu, suruali inakwenda na fimbo, mimi napanda juu. Mikono yote miwili ilikuwa huru.

Nikamwambia, "Hapana, Bibi."

Haki ya Mungu ndivyo nilivyosema. Mimi mbele ya mama mkwe wangu sijawahi kufungua hata kifungo cha shati, nitavua suruali mbele ya mama wa watu? Mgeni? Nikajisemea boti ya kambi itakuja. Wimbi likapita. Akaniambia tena, nikatikisa kichwa. Wimbi jingine, na hilo lilikaa. Nilipotoka nilimsikia anapiga kelele, "Mjinga! Mjinga wewe!" Ndilo neno la kwanza la Kiswahili alilolitamka bila kukosea tangu afike. Halafu akaachia kayaki. Kitu pekee alichokuwa anakishikilia, akakiachia, upepo ukakichukua, akaja na mikono yote miwili akanifungua bizimu jinsi mama anavyomvua mtoto nguo iliyolowa. Nikapanda juu. Suruali, fimbo nzuri na ukanda wa babu yako vikabaki kwenye migunga, na huko viko mpaka leo.

Tukaelea na majaketi yetu mpaka boti ikaja. Alinishika kola njia nzima, ananigombeza kwa lugha ya kwao. Nilimpenda sana yule mama. Sikuweza kumtazama usoni tena, aliondoka kesho yake sikumuaga.

Kwa hiyo shika haya ya kazi. Fimbo zote zifunge, usiache hata moja imelala bure, maana itakwenda na utaaibika. Lakini zifunge kwenye kayaki. Si kiunoni, si kwenye jaketi, si kwenye kifundo cha mkono, na wageni wako watapenda sana kuzungusha kamba mkononi ili wasipoteze, wewe wakatalie hata wakikasirika. Kamba iwe fupi, isije ikalala miguuni mwako ikakuzunguka mguu wakati hujaangalia. Kibanio kiwe cha kufunguka kwa mkono mmoja, na uzoee kukifungua ukiwa umefumba macho, nchi kavu, mpaka uchoke. Kisu kaa nacho, kwenye jaketi kifuani. Meneja akisema wageni wanaogopa, mwambie azungumze na baba yako. Na fimbo ikinasa chini, usivute. Kata uzi. Fimbo hata ikienda, kesho mtu atanunua nyingine, na wala hakuna aliyeniuliza mimi ile ya migungani.

Hilo la fundo ni rahisi, hata mtu mwingine angekufundisha. Lile la bizimu ndilo sijui nikufundisheje. Fundo halikunishika mimi, Paska. Nilishikwa na aibu, na aibu haina kisu chake.

Sikurudi ziwani. Nikaingia gereji, na tangu hapo nimelala chali chini ya magari ya watu wanaokwenda. Najua matumbo ya magari yote yanayoshuka kreta na yanayokwenda Manyara, sijapanda hata moja. Mama yako akiniambia twende Mang'ola, kule karibu na ziwa, tukanunue vitunguu kwa bei ya shambani, mgongo unaniuma. Unakumbuka darasa la tano, safari ya shule kwenda kuona viboko? Nilisema una homa. Ulisimama hapo hapo mlangoni na sare yako, unaniambia, "Baba nishike, sina joto." Nikakushika kipaji cha uso, kilikuwa baridi, nikasema joto lipo. Nilikufungia ndani na ugonjwa ambao haukuwa wako. Tukakaa wawili nyumbani siku nzima, wewe umegeukia ukuta, mimi najifanya napika uji.

Nilikukataza mito, nikakukataza mabwawa, nikakukataza hata kuvuta ndoo kisimani. Ulikuwa unaitikia, "Sawa baba."

Sasa nikwambie kitu. Ulipokuwa kidato cha tatu, likizo, nilikwenda Kansay bila taarifa kumpelekea bibi yako dawa ya ng'ombe. Nilipofika karibu na bwawa nikasikia sauti za watoto, nikasimama nyuma ya mkonge. Ulikuwa katikati ya maji. Katikati kabisa, kichwa tu kinaonekana, kinaingia kinatoka, mikono inapiga. Nilidhani unazama. Nikashika jani la mkonge, mwiba ukaniingia kiganjani sikuusikia. Halafu ukafika ng'ambo. Ukasimama, ukakamua gauni, ukawacheka wenzako waliobaki upande wa pili, ukajitupa tena ndani.

Nilitaka kukata fimbo nikucharaze mpaka Karatu. Na papo hapo, sijui nisemeje, nilijivuna. Nilikuwa na hasira na nimejivuna, vyote kwa pamoja, nikashindwa kutoka nyuma ya ule mkonge. Mbele nikitoka lazima nikupige, maana nilikataza. Nikirudi nyuma nimekubali. Nikakaa pale mpaka miguu ikafa ganzi, nikaona unavuka na kurudi, unavuka na kurudi, kisha nikageuza na dawa ya ng'ombe mkononi. Bibi yako mpaka leo anauliza dawa ile ilikwenda wapi. Uliporudi nyumbani nikaona nywele zimelowa, nikakuuliza, "Kansay mvua imenyesha?" Ukasema, "Kidogo tu baba." Wingu hata moja halikuwepo angani! Nikasema, "Mungu ametusaidia."

Ndiyo maana swali la meneja limenibana hivi. Ningekuwa sijui, ningesema sijui. Lakini nimeona kwa macho yangu. Jibu ninalo, na ndilo nisilolitaka.

Ameshapiga.

Nimeacha kalamu hapo juu, na sasa nimerudi, mwandiko umeharibika utanisamehe. Nilipopokea, mama yako alitoka jikoni na unga mikononi akasimama mlangoni. "Mzee, mmeshauriana?" kijana akauliza. Nikasema tumeshauriana. "Anajua?" Nilikuwa nakuona hapo mlangoni na sare yako. "Mzee, unanisikia? Haloo?" Akadhani ni mtandao.

Nikasema, "Anajua. Nimemwona mwenyewe akivuka bwawa, kwenda na kurudi, na hakuchoka."

Akafurahi. Akasema vizuri sana mzee, inaonekana ni damu, bila shaka umemfundisha wewe. Hapo ningeweza kuitikia tu yakaisha. Nikamwambia, "Mimi kuogelea sijui. Sijawahi kujua." Akacheka kwa adabu, akaaga.

Mama yako alikuwa bado amesimama pale. "Hujui?" akasema. "Na ulikuwa unapeleka watu ziwani?"

"Sijui."

"Miaka yote hii nilidhani unaogopa kambale." Akarudi jikoni. Nikamsikia anacheka peke yake, baadaye nikasikia si kicheko tena. Sikumfuata. Anakulilia wewe, au mimi, sijui. Ameshaanza kukukandia unga wa chapati za njiani.

Nilidhani nikishasema nitapata nafuu. Sijapata. Bado nimekaa kwenye kiti hiki hiki, ila sasa sina la kuamua. Nasikia bodaboda kwa mbali, huenda ni wewe unarudi, kwa hiyo nimalizie.

Nilikuwa nimepanga kukusindikiza stendi. Siendi. Tutaagana hapa mlangoni, kwa sababu pale kwenye basi ukinipa mkono sina hakika na nafsi yangu, na Karatu wana ya kunicheka ya kutosha. Kesho utaniona nimesimama mikono iko mfukoni. Usije kwangu kwanza. Mpe mwenye boda begi, mkumbatie mama yako, mwache alie mpaka atosheke. Mimi niwe wa mwisho. Nikumbatie haraka, Paska, na uwe wewe wa kwanza kuachia, maana mimi sitaweza.

Baba yako